Masikio ya Paka wa Mama

Mimi si mtu wa paka. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani naandika haya kwa kupenda wanyama. Nimelelewa Nagongera katika boma la mbuzi, kuku na ng'ombe wawili watatu, na paka kwetu alikuwa wa kazi: akamate panya, atupiwe vichwa vya dagaa, basi. Jina hakupewa. Hata huyu ninayemwandika hakuwa na jina. Mama alimwita "huyu", mimi nikamwita "paka wako", na paka mwenyewe hakuitikia lolote kati ya hayo mawili.

Mama haoni. Macho yalimwisha polepole. Yeye akasema ni moshi wa jikoni, sisi tukasema ni uzee, na tulipomfikisha kwa daktari wa macho tukaambiwa tumechelewa. Masikio nayo ni mazito. Ukitaka akusikie usogee karibu, uinue sauti, na hata hapo utarudia mara mbili. Baba alishafariki. Kaka zangu wawili wako mbali, mmoja Kampala, mwingine Nairobi, na mchango wao ni simu ya Jumapili yenye pole nyingi. Aliye karibu ni mimi, na karibu yenyewe ni Busia, upande wa Uganda, ambako nina vyumba viwili vya kupanga na cherehani yangu kwenye baraza la duka la mtu. Nashona sare za shule.

Kwa hiyo kila Jumamosi mchana nafunika cherehani, nakwenda Tororo, natoka Tororo nakwenda Nagongera, halafu pikipiki mpaka nyumbani. Nikifika nafua, napika, namwogesha mama, na zamu yao ikifika naogesha mbuzi. Jumapili jioni narudi. Siku za katikati mke wa jirani anamletea mama maji na chakula, Mungu ambariki, maana ana watoto wake wanaomtosha. Jumatatu nakaa kwenye cherehani mgongo ukiwa kama wa kuazima. Mtu akiniuliza wikendi ilikuwaje, namtazama tu.

Nilitaka mama ahamie kwangu. Nilimwomba, nikamkasirikia, nikamnyamazia wiki nzima, nikamwomba tena. Alikataa. Alisema nyumba ile anaijua kwa miguu, anajua ni hatua ngapi hadi chooni na wapi ukuta umebonyea, na kwangu atakuwa kama gunia lililowekwa kona. Kisha siku moja mtu aliingia mchana kweupe akachukua redio mezani, mama ameketi pale pale kwenye kiti chake, asijue. Alijua jioni alipoitafuta. Ndipo tukakaa, mimi na kaka zangu, kaka wa Nairobi akiwa kwenye simu, tukakubaliana mbele ya mama: atabaki kwake maadamu anajua nani anaingia nyumbani kwake. Siku akishindwa, atahamia Busia. Mama akasema sawa. Alilisema kwa sauti ndogo sana, na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kufikiria nitamwekea kitanda wapi.

Wiki tatu baadaye nikashuka kwenye pikipiki barabarani, mbali na boma, makusudi. Nilitaka kwenda kwa miguu, polepole, nisimame mbele yake bila yeye kujua, ili mambo yaishe. Nilikuwa bado sijaufikia mti wa mwisho kwenye njia aliposema, bila kuinua kichwa, "Umechelewa leo."

Paka alikuwa mapajani mwake. Mkono mmoja wa mama ulikuwa juu ya kichwa chake, kidole gumba kwenye shina la sikio moja, kidole cha shahada kwenye shina la pili.

"Nani amekwambia ni mimi?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Huyu," akasema. "Njoo ushike hapa."

Nilichuchumaa. Alichukua vidole vyangu akaviweka pale alipokuwa ameweka vyake, akaniambia ningoje. Nilingoja mpaka magoti yakaniuma. Halafu sikio moja likageuka chini ya kidole changu, peke yake, likaelekea nyuma, upande wa jiko, lile lingine likabaki palepale. Mimi sikuwa nimesikia kitu.

"Panya yuko kwenye gunia la mtama," akasema mama.

Nikaenda jikoni. Panya alikuwapo.

Alikuwa amejifunza peke yake, kwa wiki tatu, kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, kwa kuwa nini kingine angefanya. Masikio yote mawili yakisimama mbele na paka akabaki laini, ni mtu wa nyumbani. Yakisimama na mgongo ukakaza, ni mgeni. Yakilala nyuma, ni mbwa wa jirani. Yakizunguka moja moja bila haraka, ni mbuzi tu wanarandaranda. Akitaka kujua kama kuna kitu karibu zaidi, panya au nyoka, anapitisha mgongo wa mkono kwenye ndevu za paka. Zikiwa zimesukumwa mbele, anainua miguu yake juu ya kiti na kuita watu. Aliniambia hata mimi nina hatua zangu. Paka akinisikia, sikio la kulia linatangulia. Sijui kwa nini. Labda nachechemea.

Habari ilienea. Muuza sufuria mmoja aliingia bomani bila hodi, mama akamwambia asimame pale pale aseme anatafuta nini, na yule bwana alitoka hapo akisimulia kote kwamba kuna bibi kipofu anayeona. Kaka wa Kampala alicheka kwenye simu hadi akakohoa. Kwa hiyo sharti letu lilikuwa limetimizwa na paka. Nilifurahi kwa ajili ya mama. Pia nilichukia. Hayo mawili yalikaa pamoja ndani yangu na hayakugombana.

Mwaka ukapita hivyo. Kisha paka akaanza kutikisa kichwa.

Mama ndiye aliyelalamika kwanza. Alisema huyu hatulii, anajikuna masikio kutwa, anageuza kichwa ovyo na kumpotezea maana. Nilimchukua nikamtazama juani. Ndani ya masikio mlikuwa na uchafu mweusi, mkavu, kama machicha ya kahawa, na nyuma ya sikio moja alikuwa amejichubua mpaka damu. Mama akaniambia nichukue maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo, kitambaa laini, nimsafishe taratibu, na nirudie Jumapili, na Jumamosi inayofuata tena.

Sasa nieleze kuhusu masikio ya ng'ombe, kwa sababu bila hilo mtu atadhani nilikuwa na wazimu. Kwetu kupe ni adui wa kila siku, na kupe wabaya wanapenda sikio. Wanajazana humo ndani, na ndama anakufa kwa homa wakati ngozi yake yote ni safi. Ndiyo maana tangu nikiwa msichana mdogo nilifundishwa, na mama mwenyewe, kwamba ukimaliza kumwogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe, unachanganya nyingine kidogo kwenye kopo, kali kuliko ya mwili, unachovya kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti na unasugua ndani ya sikio mpaka waanguke. Sikio halihurumiwi. Mtu anayehurumia sikio anazika ndama.

Siku ile ilikuwa Jumamosi ya kuogesha mbuzi. Ndoo ya dawa ilikuwa mbele yangu, boma zima linanuka dawa, mikono yangu inanuka dawa, jua linawaka, na nguo za kufua hazijaguswa. Niliangalia zile chembe nyeusi kwenye masikio ya paka nikajiambia hawa ni wadudu, wadudu ni wadudu. Maji ya chumvi Jumamosi, maji ya chumvi Jumapili, nani ana nafasi hiyo. Nilichanganya kidogo kwenye kopo, ya masikio, kali. Nikamfunga paka kwenye gunia, kichwa nje, nikachovya kitambaa, nikasugua kushoto, nikasugua kulia, na iliyobaki nikaimimina ndani kidogo, kama tunavyofanya.

Alinirarua mkono kupitia gunia lenyewe. Nilipomwachia alikwenda hatua kumi akaanguka ubavu, akainuka, akatembea kama mlevi. Mate yalimtoka. Alijilamba, na kila alipojilamba akazidi kutetemeka, kwa maana paka hula kila kinachokaa kwenye manyoya yake. Ng'ombe hafanyi hivyo. Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Nilimkimbiza nyuma ya jiko nikamwosha kwa sabuni, maji, sabuni tena, na niliogopa, si kwa paka, kwa mama.

Mama aliuliza ana nini. Nikasema labda amekula panya mwenye sumu.

Sikurudi Busia Jumapili ile wala Jumatatu. Mama alimkalisha mapajani siku mbili, akimdondoshea maji mdomoni kwa ncha ya kidole, akimwambia maneno ya Kidhopadhola, lugha yetu, ambayo sikuwa nimeyasikia tangu nilipougua surua utotoni. Paka alikuwa anakoroma. Mama akasema anakoroma, basi hajambo. Baadaye niliambiwa kwamba paka hukoroma vilevile hata akiwa na maumivu makali. Siku ya tatu alikunywa maziwa. Nikamshukuru Mungu, nikarudi kwenye sare zangu, na nikajiona nimeponea chupuchupu.

Jumamosi iliyofuata nilishuka kwenye pikipiki mlangoni kabisa, na kelele zake zote. Mama alikuwa kwenye kiti chake, vidole mahali pake, paka mapajani amelala. Hakusema nimechelewa wala nimewahi. Nilisimama mbele yake. Paka alikuwa haamki. Masikio yalikuwa yamesimama tu, kama ya paka wa udongo.

"Mama," nikasema, na mama akashtuka nusura aanguke.

Baada ya kutulia akaniuliza kama pikipiki imenileta hadi pale. Nikasema ndiyo. Akabonyeza tena yale mashina ya masikio. Mimi nilichukua kifuniko cha sufuria na mwiko, nikaenda nyuma ya kiti, nikagonga karibu kabisa na kichwa chake. Mama kwa masikio yake mazito alisikia, akageuza kichwa. Paka hakutikisika. Niligonga tena kwa nguvu. Hakuna. Nilijua hapo hapo nilichofanya.

"Unagonga nini?" mama akauliza.

"Nasafisha kifuniko."

Ndipo akauliza swali ambalo mimi nitalijibu mpaka nitakapoingia kaburini. Alisema, "Mwanangu, wewe unaona. Huyu anasikia?"

Nikasema, "Anasikia, mama. Sasa hivi nimemwita, amegeuka."

Sikupanga kusema hivyo. Lilitoka. Nilikuwa naogopa kuulizwa nilimtia nini, na kwamba sikutumia maji ya chumvi niliyoambiwa. Lakini chini ya hofu hiyo kulikuwa na kitu kingine, na nikikificha hapa nitakuwa naongeza uwongo juu ya uwongo: nilikuwa nimechoka. Nilikumbuka sharti letu. Niliona Jumamosi zangu zikirudi.

Mama alitoa mkono kwenye kichwa cha paka. Alisugua kidole gumba kwenye kidole cha shahada, polepole, mara nyingi, mithili ya mtu anayepima unga kama umesagika.

"Basi ni vidole," akasema. "Kila asubuhi huwa vina ganzi, nilidhani ni baridi. Kumbe vinakufa."

"Ni uzee, mama," nikasema.

Ndicho nilichosema. Ni uzee.

Haukupita mwezi akaniambia nipige simu kwa kaka zangu niwaambie anahamia Busia. Mke wa jirani alikuwa ameingia siku hiyo na kumkuta amekaa na jogoo wa watu mezani anakula chakula chake, na mama hana habari. Kaka zangu walisema afadhali, hatimaye, tumshukuru Mungu. Mbuzi tuliwaacha kwa jirani. Mama alifunga nguo zake kwenye kanga mbili, akapita kwenye kuta zote za nyumba kwa kiganja, akatoka. Nilitaka kumwacha paka. Mama akasema, "Huyu twende naye. Yeye hana kosa, mimi ndiye simsikii tena mkononi." Nikambeba kwenye kikapu.

Watu wa Busia wanajua plot zetu za vyumba vya kupanga zilivyo: mlango kwa mlango, bomba moja, malori yanangoja kuvuka mpaka na injini haizimwi. Nilimwekea mama kiti kwenye baraza nyuma ya cherehani. Nilirahisishiwa maisha, lazima nikiri. Jumamosi ya kwanza nililala mchana. Sikuwa nimelala mchana kwa miaka.

Lakini paka alianza kulia. Si mlio wa paka, ulikuwa mlio wa kitu kinachochinjwa, saa sita mchana, katikati ya plot, anasimama tu na kupiga kelele. Wapangaji wakalalamika, mwenye nyumba akaniita. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo aliye karibu na soko, mtu wa makamo wa kabila la Wateso, ambaye kazi yake ni ng'ombe na nguruwe, na alipoona nimemletea paka alivua kofia akajikuna.

Lakini alimpima vizuri. Alimulika tochi ndani ya masikio muda mrefu. Akapiga makofi nyuma ya kichwa chake, akaburuta kiti sakafuni, na hapo paka akageuka haraka.

"Hii hapana sikia kabisa," akasema. "Hii anasikia na miguu tu, sakafu ikitetemeka. Analia hivi kwa sababu sauti yake mwenyewe hapana sikia. Mama, mlitia nini kwa masikio?"

Nikamwambia. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Hakunigombeza. Alisema anawaona wengi: mbwa wanaopakwa oili chafu ya gari, paka wanaopewa dawa ya kichwa ya binadamu wakafa, sungura wanaochovywa kwenye dawa ya ng'ombe. Alisema sikio la paka ni kitu cha ajabu, lina misuli mingi kuliko letu, linapata sauti nyembamba za panya ambazo sisi hatutazisikia hata tukizaliwa mara mbili, na ngozi ya ndani ni laini kuliko ya jicho. Wale wadudu weusi wana dawa yao ya matone, ndogo, na kama mtu hana, mafuta ya kula ya uvuguvugu yangewalegeza. Nikamuuliza kama yatapona. Akavaa kofia yake.

"Haya yamekwisha, mama. Lakini yeye mwenyewe ni mzima. Inama umguse kabla hujamnyanyua, usimshtue."

Nilirudi na kikapu na dawa ya kidonda cha nyuma ya sikio. Mama aliuliza daktari amesemaje. Nikasema amesema ni ugeni, atazoea.

Mama mwenyewe ndiye hakuzoea. Siwezi kusema alilalamika, kwa sababu hakulalamika. Alianza kuacha vitu. Mama yangu, hata bila macho, alikuwa mtu wa kuchambua: mpe ungo wa karanga, atakutolea mbovu zote kwa vidole na kukuambia hizi zimevunwa mapema. Nagongera watu walimletea. Busia nilimletea ungo wiki ya kwanza, akausukuma. "Nitakuharibia," akasema. Kisha akaacha kujisuka. Akaacha kushika kikombe kilichojaa. Akaacha kumpapasa paka. Paka alikuja akajilaza mapajani kama zamani, na mama akainua mikono yake juu kidogo ili isimguse, akakaa nayo hivyo hewani, mpaka paka akashuka mwenyewe. Mikono ilikuwa mizima. Mimi nilikuwa naitazama kutoka kwenye cherehani, mbele ya mashati ya watoto wa watu, siku baada ya siku, miezi mitatu.

Ndipo siku moja mchana nikamletea ugali wa mtama na samaki. Nilimchambulia miiba, nikamwosha mikono, nikaweka sahani mbele yake. Hakuigusa. Nilidhani hana njaa. Akasema, kwa upole, kama mtu anayeomba njia apite:

"Naomba unilishe."

Nilimega tonge. Nililipeleka nusu ya njia. Mama alikuwa amefungua mdomo, amefumba yale macho yasiyoona, anangoja. Nikashindwa. Nililirudisha tonge sahanini.

"Mama, vidole vyako ni vizima," nikasema. "Paka ndiye hasikii."

Hakusikia vizuri. Ilibidi nisogee, niinue sauti, niseme tena, na plot nzima ikasikia pamoja naye: kwamba sikutumia maji ya chumvi, nilitumia dawa ya kupe, ya masikio, kali, kwamba hakukuwa na panya wa sumu, kwamba aliponiuliza nilikuwa nimesimama nyuma yake na kifuniko mkononi na nilishajua. Nilisema yote. Jirani aliyekuwa bombani alifunga maji akaingia ndani.

Mama alipapasa mapaja yake matupu. Kisha akauliza, "Huyu yuko wapi?"

Nilimleta. Nilimgusa kwanza, kama nilivyoagizwa, nikamweka mapajani. Mama akaweka kidole gumba na kidole cha shahada mahali pake. Alikaa hivyo mpaka samaki akapoa. Lori likapiga honi barabarani, kubwa, hata yeye akaisikia, na nikaona vidole vyake vinangoja. Hakikutokea kitu. Akapitisha mkono mgongoni mwa paka, ukasimama ubavuni, akahesabu mbavu. Akagusa kile kidonda nyuma ya sikio na kovu lake dogo ambalo mimi nililiona kwa shida.

"Kumbe vidole bado vinasikia," akasema.

Nilianza kulia. Nilimwomba msamaha, maneno mengi, kuhusu mgongo wangu, kuhusu Jumamosi, kuhusu kaka zangu. Alinisubiri nimalize.

"Miezi yote hii," akasema, "nilikuwa nakaa hapa nikijua nakufa kuanzia vidoleni. Nilikuwa najiuliza kesho itakuwa mikono, kesho kutwa mabega. Na wewe ulikuwa unanitazama."

Nilimsogezea sahani.

Alikula mwenyewe. Ugali ulikuwa umekauka, akaumega hivyo hivyo, akatafuta samaki kwa ncha za vidole na akatoa mwiba niliouacha. Aliponawa akaniambia kesho nimrudishe kwake. Nikamkumbusha, kwa adabu, kwamba paka hawezi tena kumwambia nani anaingia, na sharti tulilikubali sote. Mama akasema sharti hilo lilivunjwa na mimi, si na yeye, na kwamba kama watu watamwibia, wamwibie kwake.

Asubuhi nilimkuta amekaa kitandani, amevaa. Nilinyoosha mkono kumfungia vifungo vya gauni kama nilivyofanya miezi mitatu. Aliuondoa mkono wangu, hakuusukuma, aliuondoa tu, akauweka juu ya goti langu mwenyewe. Akafunga kimoja baada ya kimoja kutoka chini. Ilichukua muda, na gari la Tororo lilikuwa linajaza watu, nilisikia kondakta anaita. Nilikaa. Alipofika juu akauliza, "Viko sawa?"

"Cha pili kutoka juu umekiruka, mama," nikasema.

Akakitafuta, akakifunga.